Kama huoni barabara, usiingie: ‘Sikumuona’ si utetezi

Kuna neno moja ambalo dereva wa Kenya analijua hata kabla ya kupata leseni: “Sikumuona.” Utalisikia kituoni polisi ukienda kuchukua nambari ya OB. Utalisikia kwa watu wa bima. Utalisikia katikati ya umati uliozunguka pikipiki iliyolala kwenye lami. Linasemwa kana kwamba linafunga kesi: sikumuona, kwa hivyo sina makosa.

Msomaji, nimekuja kukwambia kwamba mtu akisema hivyo ameshaungama. Na sisemi haya kutoka juu ya mlima. Siku moja nililisikia neno hilo ndani ya gari nililokuwa nimeketi, na dakika moja kabla yake ni mimi niliyekuwa nimesema, “Ingia.”

Ilikuwa Jumamosi jioni hapa Kakamega, mvua ya kawaida ya mchana ikiwa imetoka tu kunyesha. Tulikuwa kwa Probox ya mjomba, binamu yangu kwenye usukani, mimi kiti cha mbele upande wa kushoto. Tulikuwa tunatoka barabara ndogo ya udongo inayoingia barabara kuu ya Webuye, upande wa Lurambi, na tulitaka kukata kulia kuelekea mjini. Nyuma tulikuwa na masufuria makubwa ambayo shangazi alikuwa ameazima kwa jirani yake wa zamani kwa ajili ya sherehe. Tulikuwa tunayarudisha. Hilo tu. Hakuna aliyekuwa anatungoja.

Kulia kwetu trekta la miwa lilikuwa linakuja polepole, trela lake limejaa hadi miwa inaning’inia pembeni. Dereva wa trekta alikuwa mtu mwema. Alipunguza, akasimama, akatupungia mkono tupite. Nyuma yetu kulikuwa na matatu, na makanga wake hakuwa na subira: “Oya dere, umepewa njia, unalala?” Honi juu ya honi. Binamu akanigeukia. Nikaangalia kushoto, nikaona lami tupu hadi kwenye kona. Nikasema, “Huku hakuna kitu. Ingia.”

Akaingia. Tulikuwa tumepita pua ya trekta kwa hatua mbili tatu hivi wakati mtu wa nduthi alipotokea upande ule mwingine wa trela, akiwa anali-overtake. Sikumbuki breki. Nakumbuka mlio, halafu masufuria yakigongana nyuma kama kengele, halafu kimya. Halafu binamu yangu, mikono bado kwenye usukani: “Sikumuona. Wallahi sikumuona.”

Alikuwa anasema ukweli. Hangeweza kumuona. Kati yake na yule kijana kulikuwa na ukuta wa miwa. Na hapo ndipo hoja yangu yote ilipo.

Kijana alivunjika mguu mahali pawili. Waendesha boda wenzake walifika kabla hatujafungua milango, na kama si mwenyekiti wa steji kusimama mbele yao na kuwatuliza, sijui Probox ingekuwa wapi leo, au sisi. Kule hospitalini mama yake alikuja akiwa na leso mabegani. Hakupiga kelele. Alimwangalia binamu yangu akamuuliza, “Mwanangu, ulikuwa unakimbilia wapi?”

Jibu lilikuwa masufuria.

Sasa najua kuna msomaji hapo ambaye tayari anasema: lakini si yule wa boda ndiye alikuwa ana-overtake karibu na makutano? Si huwa tunawaonya kila siku? Ni kweli. Hakupaswa kupita trekta pale, na angeona limesimama ghafla angejiuliza kwa nini. Sitamfanya malaika kwa sababu tu aliumia. Ila tukianza na kosa lake, tunaruka swali la kwanza: kati ya watu wawili hao, ni nani aliyekuwa na nafasi ya kuchagua?

Mtu aliye kwenye barabara kuu anaendelea na safari yake. Wewe unayetoka kwenye barabara ndogo, kwenye geti la ploti, kwenye petroli au kwenye maegesho ya kando, umesimama. Gari lako ni sifuri. Una breki iliyokanyagwa, una muda, una uwezo wa kungoja nusu dakika bila hasara yoyote isipokuwa honi ya matatu. Hatari ile haipo mpaka wewe uamue kuileta. Ndiyo maana mzigo wa kwanza ni wako. Na kama kuna kitu kinakuzuia kuona, mzigo unazidi. Haupungui.

Wengi wetu tunafikiri kinyume. Tunafikiri kwamba lori likiziba macho, basi lori limebeba lawama yetu. Jaribu kufikiria ukiwa chumbani usiku stima zikipotea. Je, unaanza kukimbia kwa sababu giza si kosa lako? Unapunguza mwendo, unanyoosha mkono, unapapasa. Gizani mtu hupapasa. Kwenye makutano yaliyozibwa pia hupapaswa.

Hebu tupige hesabu kidogo. Sheria yetu inaruhusu kasi ya kilomita 50 kwa saa ndani ya mji. Hiyo ni karibu mita 14 kila sekunde. Gari la kawaida likianza kutoka sifuri, kuvuka upande mmoja wa barabara na kukaa sawa upande wa pili, tuseme linatumia sekunde 4. Katika sekunde hizo, anayekuja kwa kasi halali kabisa amekula mita 56. Akiwa kwa 80, amekula karibu mita 90, ambayo inakaribia urefu wa uwanja wa kandanda. Sasa jiulize: ukiwa umesimama nyuma ya trela, unaona mita ngapi? Kama unaona 10, basi unachofanya ukiingia ni kubahatisha kwa mita 46 au 80 zilizobaki. Na dau si pesa yako, ni mguu wa mtu.

Tatizo linaanzia mahali tunapofundishwa. Ukienda kusomea udereva Kenya, unawekwa mbele ya ule ubao wa mji mdogo. Unapewa kagari ka kuchezea, unakasukuma kwa kidole huku ukikariri: nasimama, naangalia kulia, kushoto, kulia tena, naingia. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo na nikapita. Lakini fikiria: ukiwa umeinamia ubao ule, unaona mji mzima kutoka juu, kama mwewe. Hakuna trela la miwa kwenye ubao. Hakuna kibanda cha mahindi choma, hakuna matatu iliyojitupa kwenye mdomo wa makutano. Tunafuzu tukiwa tumezoea kuona kila kitu, halafu tunaletwa barabara ya A1, inayotoka Isebania mpakani na Tanzania, ikapita Kisumu na Kakamega hadi Kitale na Turkana, na magari makubwa ya kila aina juu yake. Maneno tunayakumbuka. Tunasema “kulia, kushoto, kulia” na shingo inageuka kweli. Macho ndiyo yanakutana na ukuta, na bado tunahesabu kwamba tumeangalia.

Kuangalia na kuona ni vitu viwili. Hata nguzo ile nyembamba ya pembeni mwa kioo cha mbele inaweza kuficha pikipiki nzima ikiwa mbali kidogo. Usiposogeza kichwa, unaweza kuwa umeangalia kulia mara tatu na hukumuona mtu aliye palepale.

Halafu kuna suala la kupungiwa mkono, au kuwashiwa taa. Hii ni tabia nzuri ya barabarani na sitaki ife. Lakini tuelewane maana yake. Dereva wa trekta aliposimama alikuwa anasema jambo moja tu: “Mimi sitakugonga.” Hakuwa anasema, “Hakuna mtu mwingine atakayekugonga.” Hana uwezo wa kusema hivyo. Yeye mwenyewe, na trela refu vile nyuma, pengine haoni kilicho upande wake mwingine. Ametoa ruhusa ya nafasi yake. Nafasi ya wengine hakuwa nayo ya kutoa.

Mahakama zimeshughulika na jambo hili miaka mingi. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilitoka, kulikuwa na kesi ya Powell dhidi ya Moody mwaka 1966. Mwendesha pikipiki alikuwa anapita foleni ya magari yaliyosimama, gari likachomoza kutoka barabara ndogo kupitia mwanya ambao madereva wa foleni walikuwa wameliachia. Mwendesha pikipiki alibebeshwa asilimia 80 ya lawama. Miaka mitatu baadaye, 1969, kesi ya Clarke dhidi ya Winchurch ikaamuliwa: basi lilisimama likamwashia taa mwenye gari apite, mwenye kipikipiki akapita basi, wakagongana. Safari hii mwenye gari hakupatikana na kosa, na sababu kubwa ni kwamba alikuwa ametoka polepole sana, kidogo kidogo, akijaribu kuchungulia kabla ya kupita.

Nawaambia haya kwa sababu mbili. Kwanza, wewe unayeendesha nduthi, usidhani kwamba ukiumia sheria itakuwa upande wako moja kwa moja. Mahakama zetu pia hugawa lawama kwa asilimia, na ukipita foleni kwenye makutano, sehemu yako inaweza kuwa kubwa. Trekta au matatu ikisimama ghafla mahali pasipo na steji, chukulia kwamba kuna mtu mbele yake anavuka. Pili, wewe wa gari, ona kilichomwokoa yule wa 1969. Hakuokolewa na taa za basi. Aliokolewa na mwendo wake wa kinyonga.

Ila asilimia ni hesabu ya baadaye, ya watu waliovaa suti. Mguu hauvunjiki asilimia 20. Yule kijana wa Lurambi alikaa nyumbani miezi mingi bila kazi, na pikipiki ilikuwa ya mkopo. Mkopo haukuuliza nani alikuwa na makosa. Ulitaka pesa ya kila siku, kila siku.

Na sheria yetu ya nyumbani inasemaje? Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 49, inamtambua kama mkosaji mtu anayeendesha bila uangalifu wa kutosha au bila kuwajali wengine barabarani. Kifungu cha 46 ni kizito zaidi: ukisababisha kifo kwa kuendesha kwa namna ya hatari, unaweza kufungwa hadi miaka 10. Wengi wanaijua sehemu hiyo. Sehemu ambayo wachache wanaijua ni kwamba kifungu hichohicho kinamgusa pia anayeacha gari barabarani mahali au katika hali inayohatarisha umma. Yaani, unaweza kuua ukiwa umeegesha.

Hapo nageukia upande mwingine, maana sitaki umalize kusoma ukidhani lawama yote nimemrundikia dereva anayetoka. Kuna watu wanaotengeneza upofu huu, na wengi wao tunawajua kwa majina. Kuna dereva wa matatu anayeshusha abiria kwenye mdomo wa barabara ndogo kwa sababu abiria amesema “hapa hapa.” Abiria huyo ni wewe na mimi. Kuna lori linaloegeshwa kwenye kona wakati dereva anakula ugali. Kuna mwenye ploti aliyejenga ukuta hadi ukingo wa barabara, geti likawa kama pango. Kuna shamba la miwa lililopandwa hadi mtaroni, na ikishakomaa haifichi pikipiki tu, inaficha hata lori. Na kuna vibanda. KeNHA ikitoa notisi ya kuviondoa kando ya barabara kuu tunasema ni uonevu, na mara nyingine ni kweli, kwa maana mama anayeuza mboga pale analipa karo ya watoto kwa kibanda hicho. Lakini kati ya kubomoa kila kitu na kuacha kila kitu kuna njia ya katikati: kuacha pembe za makutano wazi, mita chache tu kila upande, ili jicho lipite. Hilo serikali ya kaunti na wenye vibanda wanaweza kukubaliana bila tingatinga. Na mwenye ploti anayeweza kumudu geti la chuma anaweza kumudu kioo kimoja cha duara cha kuonyesha barabara.

Mpaka hayo yafanyike, wewe unayetoka leo jioni utafanya nini?

Simama kabisa. Kuvuta gari kidogo kidogo huku ukitumaini si kusimama. Zima muziki, teremsha kioo, sikiliza. Nduthi husikika kabla ya kuonekana, hasa kama bomba lake limekatwa. Sogeza pua ya gari kidogo, simama, inama mbele juu ya usukani, angalia kulia, kushoto, kulia tena, kisha sogea tena. Ukipita mbele ya gari lililokusimamia, simama tena kabla pua yako haijatokeza upande wake wa pili. Hapo ndipo tulipokosea sisi. Tulikuwa waangalifu hadi kwenye trekta, halafu tukakanyaga mafuta mahali ambapo tulipaswa kupapasa.

Kama bado huoni, usikate kulia. Pinda kushoto na trafiki, nenda hadi mahali pa wazi, geuka huko. Utapoteza dakika tatu. Kama unaegesha kwenye ploti yenye geti baya, ingia kinyumenyume, ili ukitoka utoke ukitanguliza macho badala ya buti. Na kama kuna mtu ndani ya gari, mwombe ashuke achungulie. Si aibu. Madereva wa malori hufanya hivyo kila siku na turnboy wao, na hakuna anayewacheka.

Na wewe wa matatu iliyo nyuma, na wewe abiria unayesema “dere, ingia tu, huyo yuko mbali”: honi yako inamsukuma mtu aingie mahali ambapo wewe mwenyewe huoni. Ukiona gari la mbele limesita kwenye makutano, chukulia kwamba dereva wake ameona kitu ambacho wewe hukioni, au kwamba haoni kitu ambacho angepaswa kukiona. Kwa vyovyote, mwache.

Kila mwaka, katika miaka ya karibuni, zaidi ya Wakenya 4,000 wamekufa barabarani, na wanaotembea kwa miguu na wanaopanda pikipiki ndio wengi. Wengi wao ni rika letu. Tukisikia takwimu hizo tunawaza mabasi yaliyopinduka Salgaa. Tunasahau kwamba nyingine ni za hapa, za kilomita 30 kwa saa, kwenye geti la ploti, mtu akirudisha masufuria.

Yule kijana amerudi kazini sasa. Anachechemea kidogo. Tukikutana steji ananisalimia, “Mulembe,” nami naitikia, na hakuna hata mmoja wetu anayetaja siku ile. Lakini mimi nimeirudia mara nyingi kichwani, na kila nikiirudia nafika palepale. Nilichoona kilikuwa kweli: kushoto hakukuwa na kitu. Neno “ingia” ndilo halikuwa langu kulisema, kwa maana sikuwa nimeona kulia.

Siku hizi nikikaa kiti cha mbele, dereva akiniuliza, namwambia kile macho yangu yameona tu. “Kushoto hakuna kitu.” Kisha nanyamaza, namwacha aangalie upande wake mpaka aridhike, hata kama makanga wa nyuma atapasua honi.